Turako wa Vuhovi

Mtaani kwake Butembo walimwita Katungu mwehu wa ndege, na hawakumwita hivyo kwa siri. Mwanamke mzima, fundi cherehani mwenye wateja wake, mara anasimamisha mguu juu ya kanyagio katikati ya mshono, anatoa kichwa dirishani na kukodolea macho mti wa avoka wa jirani. Gauni la harusi limelala mezani, mama wa bibi harusi amekaa kwenye benchi anakunja uso, na fundi anamwambia subiri kidogo, kuna mgeni. Mgeni mwenyewe ana manyoya na hata kubisha hodi hajui. Wateja walinung'unika, wakacheka, wakarudi tena, kwa sababu mikono yake haikuwa na mpinzani mtaa mzima.

Alianza kupenda ndege kwa hasira. Kila mauaji ya upande wa Beni yalipozidi, vijana wa Butembo walitangaza ville morte: maduka yafungwe, tairi zichomwe njia panda, asitoke mtu kwenda kazini. Katungu alikuwa na hasira na wauaji, na hasira na waliolipwa kuwazuia wasiwazuie, na hasira ya tatu aliwawekea vijana waliomfungia mlango wa kazi kana kwamba ni cherehani yake iliyokuwa ikichinja watu. Siku moja ya namna hiyo alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, mikono haina kazi, moyo unachemka. Akamwona chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, anashuka kwenye lundo la mabaki ya vitambaa, anachagua uzi mwekundu wa sare za shule na kuondoka nao. Akarudi. Akachukua mwingine. Katungu alimfuatilia mpaka jioni, na alipokwenda kulala aligundua kwamba kwa saa kadhaa hakuwa amemkasirikia mtu yeyote.

Hivyo ndivyo alivyoingia katika kundi la WhatsApp lililoitwa Ndeke za Grand Nord, yaani ndege wa upande wetu wa kaskazini. Lilianzishwa na mwalimu Paulin, mzee mstaafu aliyefundisha biolojia maisha yake yote, mtu wa suti na sentensi ndefu. Ndani yake walikuwemo wafanyabiashara, wauguzi, makatekista, mkulima mmoja wa Lubero aliyeandika kwa herufi kubwa tupu, na wengine waliokimbilia Goma na Kampala ila masikio yao waliyaacha nyumbani. Sheria ilikuwa moja: vita visiingie. Hapa ni ndege tu. Ikitokea watu wamelia Beni usiku, asubuhi mmoja wao angeandika kwamba leo kwao ndege wamechelewa kuimba, na wote wangeelewa, na wote wangetuma ua. Baada ya hapo wangeendelea kubishana kuhusu mwewe na kipanga. Katungu aliipenda sheria hiyo kuliko sala fulani alizozijua.

Katika watu wote wa kundi, rafiki yake wa kweli alikuwa Malachie. Huyo aliuza vipuri vya pikipiki Mavivi, karibu na uwanja wa ndege wa Beni, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso, kwa sababu barabara ya Beni na Butembo haikuwa barabara ya kupanda ili ukapige soga. Kila asubuhi alimtumia audio ya kumsalimia, wavukire, yaya Katungu, yaani umeamkaje dada, na nyuma yake unasikia injini zinazojaribiwa na shomoro wanaogombana. Alikuwa na sauti nzito yenye kucheka. Mama yake Katungu alipofariki, Malachie alimtumia kila alfajiri ya msiba sauti za ndege wa kwao, bila neno lolote la pole, na Katungu alizisikiliza chini ya blanketi huku wanawake wa msiba wamelala pembeni yake. Katika msiba ule ule alimweleza mambo ambayo hata dada zake hakuwaambia. Alimweleza jinsi mama yao alivyokuwa akiwapeleka likizo kwa shangazi Kavuo, Vuhovi, kwenye shamba la vitunguu majani lililoko juu kabisa mlimani, pale maji ya kijito yanapopita chini ya shamba na kanisa dogo la Waprotestanti linapiga jante ya lori, rimu ya chuma ya gurudumu, badala ya kengele, na nyumba ya shangazi, siku hizi ya mabati mapya, iko peke yake nyuma ya kanisa. Jante yenyewe ilikuwa na ufa, alimwambia, inalia kama sufuria. Walicheka sana siku ile.

Sasa, kundi lilikuwa na mchezo wake wa Jumapili jioni, na mchezo uliitwa Niko Wapi. Mtu anatuma sauti aliyoirekodi, hasemi ni ndege gani wala ni wapi, na wenzake wanabahatisha. Anayepata jina la ndege anapigiwa makofi. Anayepata na mahali, huyo ni bingwa wa wiki. Malachie alikuwa bingwa wa karibu kila wiki. Angesema huu ni upepo wa bonde fulani, hii ni mashine ya kusaga ya kijiji fulani, na mwenye sauti angekiri. Watu walimshangilia, naye kichwa kilimvimba taratibu, kama ambavyo kingemvimba mtu yeyote anayesifiwa kila Jumapili na watu zaidi ya mia. Katungu alimtania tu kwamba siku moja atashindwa kuvaa kofia ya pikipiki.

Mwaka huo, mwaka wa pili wa utawala wa wanajeshi katika Kivu ya Kaskazini, Katungu alikuwa na siri moja ambayo hakumwambia hata Malachie. Kitinda mimba wao, Salomon, alikuwa amechukuliwa shambani upande wa Kalunguta na kundi la vijana wenye silaha waliojiita walinzi wa wananchi. Walimbebesha mizigo, baadaye wakampa panga, kisha wakampa bunduki. Alikaa nao miezi, akatoroka akiwa na nguo alizovaa na kidonda mguuni. Mkubwa wa kundi hilo alikuwa ameapa mbele ya wote kwamba anayetoroka amewauza wenzake, na dawa yake inajulikana. Kwa hiyo Salomon alifichwa Vuhovi kwa shangazi Kavuo, akiwa hana simu, hatoki shambani, haendi hata kusali. Waliojua ni watatu: yeye mwenyewe, shangazi na Katungu. Malachie hakuambiwa, si kwa kutoaminiwa, ila kitu kama hicho hakiwekwi kwenye simu.

Jumapili moja baada ya misa Katungu alipanda pikipiki kwenda kuwaona. Alibeba mchele, sabuni na suruali mpya aliyomshonea mdogo wake. Walikuwa wanang'oa vitunguu, yeye na Salomon, jua limeshaanza kulegea, ndipo sauti ilipotoka kwenye kijisitu kilichobaki nyuma ya shamba, sauti ya kukoroma yenye kupanda na kushuka. Katungu aliacha vitunguu vidondoke. Turako wa mlimani, yule mkubwa wa kijani mwenye mbawa nyekundu ndani, ambaye tangu kundi lianzishwe hakuna hata mmoja aliyemsikia. Mwalimu Paulin alikuwa ameandika mara nyingi, kwa sentensi zake ndefu, kwamba pengine upande wetu ameshakwisha. Katungu alitoa simu mfukoni, akarekodi. Salomon alimwangalia dada yake amesimama mguu mmoja juu kama mtu aliyekanyaga mwiba, akaangua kicheko. Hakuwa amecheka tangu arudi.

Hapo lazima tumtendee haki Katungu, maana alifikiri. Kabla ya kutuma, njiani mahali penye mtandao, aliisikiliza ile sauti yote tena, simu imebanwa sikioni, na mwishoni akasikia kicheko cha Salomon. Alikikata. Akasikiliza tena: ndege, maji, na kwa mbali sana kengele ya ibada ya alasiri. Hakuna sauti ya mtu. Akaona ni safi. Akaandika, nimesikia leo, ni nani huyu, na hakuandika ni wapi. Akatuma, akapanda pikipiki, na kabla hajafika mjini simu ikazimika kwa kukosa chaji.

Alipofika nyumbani aliichomeka simu ukutani, akapika chai, akakaa kuusubiri utamu wake. Simu ilipowaka ilianza kutetemeka na haikutaka kuacha. Makofi, moto, ngoma, mkulima wa Lubero ameandika ALELUYA. Juu ya makofi hayo yote kulikuwa na audio ya Malachie, na Katungu aliifungua akitabasamu.

"Bandugu, hii ni turako ya mulima, hakuna ingine," sauti nzito ilisema, imejaa furaha. "Na fasi ni Vuhovi. Musikilize muzuri kule nyuma. Ile kengele ni jante ya kupasuka ya ile chapelle ya juu. Na ile mayi njo inapita chini ya shamba ya tante yake. Yaya Katungu, nimekukamata."

Tabasamu lilimganda usoni. Chini ya audio hiyo mtu aitwaye Ananie, aliyeingia kundini si zamani na ambaye hakuwahi kuleta hata shomoro, alikuwa ameuliza kwa adabu kabisa ni shamba lipi hasa, la mbele ya kanisa au la nyuma. Na Malachie, bingwa wetu, mwenye moyo wa kupenda kumsaidia kila anayeuliza, alikuwa amejibu: la nyuma, nyumba ya mabati mapya, iko peke yake.

Katungu aliikuta sakafu chini yake bila kujua alikaa saa ngapi. Chai ilimwagika. Alimpigia Malachie, na Malachie alipokea akicheka, akaanza kumwimbia wimbo wa ushindi.

"Futa," Katungu alisema.

Malachie alidhani ni utani wa aliyeshindwa. Alisema mchezo ni mchezo, jibu likishapatikana halifutwi, hata mwalimu Paulin ameshaliwekea alama. Alisema tangu kundi lianze hakuna aliyewahi kupata ushindi mtamu kama huu. Katungu alimwacha aseme mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa akitafuta namna ya kusema bila kusema, na hakuipata.

"Malachie, kuko mutu kule. Mutu mwenye kutafutwa. Futa."

Kicheko kilikatika. Halafu Malachie akauliza kwa sauti ndogo, kwa nini hakumwambia mapema. Swali hilo, Katungu alisema baadaye, lilimchoma kuliko ile audio. Ameichukua siri aliyopewa kwenye msiba, ameianika mbele ya watu zaidi ya mia ili wampigie makofi, na sasa anamdai siri ya pili. Alimpa vidonge vyake hapo hapo, kwa Kiswahili na kwa Kinande, na Malachie alivimeza vyote.

Alifuta. Lakini aliyewahi kutumia simu anajua, kilichofutwa huacha alama pale pale kwamba kimefutwa, na watu ambao dakika moja nyuma hawakujali huanza kuuliza ni nini. Walioshasikia waliwaeleza ambao hawakusikia. Katungu akaona kufuta hakutoshi. Akamwambia Malachie aandike kwamba amekosea, kwamba si Vuhovi.

Na hapo Malachie alisita. Alisema, watanionaje? Neno moja tu, likamtoka kabla hajajizuia. Kisha mwenyewe akasikia alichokisema, akasema sawa, sawa, naandika.

Aliandika uongo mzuri. Alisema amejichanganya, Katungu hakuwa Vuhovi, alikuwa amekuja Beni kumtembelea, na sauti ile ilirekodiwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, Mavivi. Alijiita mjinga. Aliomba radhi. Ukiangalia vizuri, alikuwa amewaelekeza wanaotafuta watu kwenye mlango wake na wa watoto wake, na hilo Katungu aliliona, na kwa kitambo kidogo hasira yake ilipungua.

Mwalimu Paulin akaamka. Mzee yule hakuweza kuvumilia kosa, hakuweza tangu alipokuwa akishika chaki. Aliandika ujumbe mrefu, wenye aya, akimhurumia mwenzetu Malachie ambaye bila shaka amechoka na kazi. Turako wa mlimani hashuki Mavivi, aliandika, kule ni chini na kuna joto, hata miti anayokula haipo. Sikio la Malachie halikukosea, ni mdomo wake unaokosea sasa. Jibu sahihi ni lile la kwanza: Vuhovi, karibu na kanisa. Muuguzi mmoja akaunga mkono. Katekista akaongeza kwamba jante hiyo yeye pia anaijua, ameshahubiri pale. Mtu wa Kampala, aliyekuwa na hamu ya nyumbani, akatuma ramani ya kilima na kukizungushia duara jekundu kile kijisitu.

Walikuwa watu wazuri, na hapo ndipo uchungu ulipokuwa. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angekataa kumlaza Salomon chini ya kitanda chake kama angebisha mlangoni. Lakini walikuwa wamezoea kupenda usahihi, kila siku, kwa miaka, kuhusu mkia na mdomo na rangi ya mguu, na siku ambayo uongo ungemwokoa mtu waliushambulia wote kwa pamoja, kwa bidii na kwa upendo. Na kwa sababu ya ile sheria yao nzuri ya kutozungumzia vita, hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu anataka kukosea. Katungu aliwasoma mmoja baada ya mwingine huku machozi ya hasira yakimwagikia kioo cha simu. Hakuweza kuwaambia wanyamaze. Kusema nyamazeni kungekuwa kupiga kengele.

Aliitupa simu juu ya vitambaa, akatoka kumtafuta yule yule dereva wa pikipiki aliyemrudisha. Mvua ilikuwa imeanza. Dereva alimwambia mama, kule tope litatula, na Katungu alimwambia basi litule njiani, twende. Kwenye kizuizi cha askari alisema shangazi yake ni mgonjwa, na uso aliokuwa nao ulitosha, hawakumuuliza zaidi. Kulikuwa bado na mwanga kidogo alipoingia uani, ametapakaa udongo mwekundu mpaka kichwani. Shangazi Kavuo alikuwa anakoroga bugali. Salomon alikuwa amevaa suruali mpya.

Aliwaeleza kwa maneno machache, na hakujificha. Salomon alisikiliza akasimama, akavaa viatu, hakulaumu. Shangazi ndiye aliyekataa kuondoka. Ana mbuzi, ana vitunguu vilivyong'olewa ambavyo vitaoza, ana magoti yasiyoiweza njia ya kijitoni. Katungu alimbembeleza, akamvuta mkono, akamkaripia, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu mkubwa wa ukoo.

"Banatafuta kijana," shangazi alisema. "Mukongwe banamufanyia nini? Mwende."

Wakaenda. Walishuka kwa miguu kupitia kijitoni hadi mahali dereva alipowasubiri, Salomon akakaa katikati, na wakaingia Butembo kabla ya watu kufunga milango.

Wale vijana wenye silaha walifika Vuhovi alfajiri. Hawakuuliza njia kwa mtu yeyote, majirani walisema, walipita nyuma ya kanisa moja kwa moja hadi kwenye mabati mapya. Walimkuta mwanamke mzee peke yake na vyombo vya watu wawili. Shangazi aliwaambia anaishi peke yake na anakula sana. Walimvunja mkono kwa mpini wa jembe lake, wakachukua mbuzi, wakakata vitunguu vyote bila hata kuvibeba. Majirani walimshusha hadi hospitali ya Butembo wakimbeba mabegani juu ya kiti kilichofungwa miti.

Salomon alipopata habari alitaka kurudi kwa wale vijana ajikabidhi. Alisema hawezi kulala akiufikiria mkono wa shangazi. Katungu aliburuta cherehani, chuma chake chote, akaiegemeza mlangoni, akakaa juu yake, akamwambia akitaka kutoka amvunje na yeye kwanza. Walitazamana hivyo mpaka Salomon akaketi chini akalia. Wiki hiyo hiyo alivuka mpaka pale Kasindi, amelala katikati ya magunia ya kahawa, akaenda kwa shemeji yao Uganda. Yuko hai. Shamba halioni, mlima hauoni, na kicheko kile kimoja alichokitoa katikati ya vitunguu ndicho cha mwisho Katungu alichokisikia.

Nani alipeleka habari, hakujua na hatajua. Ananie alitoka kundini asubuhi ile ile na namba yake haikupatikana tena. Huenda ni yeye. Huenda ni mtu mwingine mwenye heshima zake, anayetuma maua hadi leo. Huenda Ananie naye alikuwa mpenzi wa ndege tu, akasikia yaliyotokea, akaogopa. Mwalimu Paulin alimwandikia faragha barua ndefu ya kuomba radhi, nusu yake kwa Kifaransa, na Katungu hakuijibu. Kilichomkasirisha kuliko vyote ni kwamba kesho yake jioni mtu alituma picha ya bundi, na watu wakaanza kubishana kama ni mkubwa au ni kinda. Alijitoa. Kwa siku nyingi baadaye hakutoa kichwa dirishani, na wateja walishangaa gauni zao kuwa tayari mapema.

Malachie alipiga simu, hakupokea. Alituma audio, hakufungua. Halafu, shangazi akiwa bado amelazwa, mtu mmoja aliingia katika wodi ya wanawake ameshika sukari na maziwa ya unga, mfupi, kijana kuliko Katungu alivyomfikiria, viatu vimejaa tope la safari. Alisimama kati ya vitanda akasalimu, na Katungu aliitambua sauti. Alikuwa ameipita barabara ile ambayo watu huipita kwa sala.

Shangazi alimkaribisha, hakujua ni nani. Malachie hakukaa. Alianza kusema alichokuja kusema, kwamba ni sikio lake, kwamba tangu utoto likisikia kitu mdomo haungoji, na Katungu akamkatiza. Alizungumza taratibu, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko kelele.

"Haukusikia jante, Malachie. Hakuna mutu anaweza kusikia ufa ya jante kwa ile audio, nimeisikiliza mara mingi. Ulisikia mimi. Nilikuelezea ile shamba kwa kilio ya mama yangu, kama mutu anaelezea ndugu yake. Watu banafikiri uko na masikio. Ulikuwa na maneno yangu."

Malachie aliinamisha kichwa. Kwenye kitanda cha jirani mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu.

Shangazi Kavuo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaelewa mgeni ni nani. Hakukasirika, au hasira yake ilikuwa imechoka kuliko ya Katungu. Mkono wake ulikuwa ndani ya plasta hadi begani. Aliuliza jambo ambalo bila shaka alikuwa akijiuliza kila siku akiwa amelala pale, maana hajawahi kuelezwa, na kwake lile lililokuwa likikoroma nyuma ya shamba lilikuwa likikoroma tangu alipoolewa.

"Lakini ile ndeke yenyewe ni ya namna gani, mutoto yangu?"

Malachie alifungua mdomo. Katungu alimwona akiyakusanya yote, mbawa nyekundu, miti, kimo cha mlima, yote aliyoyajua na aliyoyasimulia mamia ya Jumapili. Kisha akautazama mkono ule mweupe juu ya blanketi.

"Mi hapana jua, mama," akasema.

Damu ilimpanda Katungu kichwani. Maneno hayo ndiyo aliyoyahitaji Jumapili ile, hayo tu, yangetosha, na leo yalikuwa hayamfai mtu yeyote katika chumba kile. Alisimama, akamrudishia sukari na maziwa yake mikononi.

"Kumbe unaweza kuyasema," alimwambia.